Kiungulia au moyo? Kusoma maumivu ya kifua kabla ya kukimbilia magnesiamu

Kama kifua kinakubana sasa hivi, acha ulichokuwa unafanya, kaa chini uegemee ukuta, kunja magoti, legeza mkanda, na usome aya mbili zinazofuata tu. Mengine yatasubiri.

Nenda hospitali sasa, bila kungoja kupambazuke, ikiwa maumivu ni ya kubana, kukandamiza au kulemea, yamepita dakika 5 umetulia na bado hayaachii. Nenda pia, hata kama ni ya dakika chache, ikiwa yamekuja na kijasho chembamba, pumzi kukata, kichefuchefu au kizunguzungu, au yanatambaa kwenda begani, mkononi, shingoni, kwenye taya au mgongoni. Mkono wa kushoto ndio unaotajwa sana, lakini wa kulia nao huhusika, na wakati mwingine yote miwili.

Kama kuna aspirini karibu, tafuna miligramu 300: kidonge kimoja cha kawaida, au vinne vile vidogo vya 75. Tafuna, usimeze kizima, maana kutafuna ndiko kunakoiingiza kwenye damu upesi. Asiipewe aliyewahi kudhurika na aspirini, aliyetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, mwenye dalili za kiharusi, wala mwenye maumivu ya ghafla yanayochana kuelekea mgongoni. Huku Mwanza, kandokando ya Ziwa Victoria, kuna kundi jingine la kukumbukwa: wenye kichocho cha tumbo cha muda mrefu. Kichocho hicho hutia makovu kwenye ini, damu inazuiwa njia, na mishipa ya sehemu ya chini ya umio (njia ya chakula kutoka kooni) inavimba kama mpira wa baiskeli uliojaa upepo. Mtu aliyewahi kuambiwa bandama yake imekua au umio wake una mishipa iliyovimba akipewa aspirini nyumbani anaweza kuvuja damu. Huyo aharakishwe hospitali tu. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, usimpe mtu yeyote mwenye maumivu haya, hata kama ndiyo iliyobaki kwenye mkoba. Inachubua tumbo, na kwa moyo wenye shida ni hatari.

Majina yanayopotosha

Nusu ya mkanganyiko huanzia kwenye lugha. Pale chini ya mfupa wa kidari, mbavu zinapokutana, tunapaita chembe ya moyo, ilhali nyuma yake kuna tumbo na mwisho wa umio. Basi mmoja anasema chembe ya moyo inauma, wanaomsikia wanashtuka wakidhani ni moyo, kumbe ni asidi. Mwingine moyo wake umeziba mshipa upande wa chini, maumivu anayasikia palepale kwenye chembe, na anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Ukuta wa chini wa moyo umelala juu ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo; tumbo liko chini ya kiwambo hichohicho, na neva za viungo vyote viwili hupeleka habari kwenye uti wa mgongo karibu mahali pamoja. Ubongo hauwezi kutofautisha kwa kuangalia mahali peke yake.

Halafu kuna "gesi imepanda", kuna "kichomi", kuna "nimonia" inayotajwa kwa kila kifua kinachouma. Yaache majina hayo. Eleza unachosikia: kinabana, kinaungua, kinachoma kama sindano, kinalemea kama gunia.

Uangalie pia mkono wa mgonjwa, kwa kuwa mara nyingi husema kweli kuliko mdomo. Mwenye shida ya moyo hukunja ngumi au kuweka kiganja chote katikati ya kifua. Hawezi kuonyesha nukta moja. Mwenye kiungulia hupitisha vidole kutoka kwenye chembe kwenda juu kooni, njia ileile inayopandwa na asidi. Anayekuonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, "hapa, hapa hasa", mara nyingi ana shida ya msuli au ya gegedu la ubavu. Hizi ni ishara, na kila moja ina wagonjwa wanaoikanusha.

Yanafuata sahani au yanafuata mlima?

Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Kiungulia hufuata chakula na mkao wa mwili. Moyo hufuata kazi.

Wanaoishi Mwanza juu kwenye mawe ya Igogo, Mabatini au Isamilo hupanda kila siku, hivyo wana nafasi ya kuiona tofauti hii mapema. Maumivu ya moyo uliopungukiwa damu huja karibu mahali palepale: kona ya tatu, au jiwe fulani ambapo lazima usimame. Ukisimama, ndani ya dakika 2 hadi 5 yanaachia. Ukiendelea kupanda, yanarudi. Huyo aende kliniki wiki hiyohiyo hata kama akikaa hana shida yoyote. Akiona yameanza kuja kona ya kwanza, kisha akiwa kwenye tambarare, kisha usiku amelala, mshipa unazidi kuziba, na hiyo tayari ni dharura. Tafadhali usipande mlima makusudi ili kujipima. Tunazungumzia ulichokwisha kukiona, maana jaribio lenyewe linaweza kukuangusha.

Kiungulia kina tabia nyingine. Kinakuja dakika 30 hadi saa moja au mbili baada ya kula, hasa shibe ya ugali na sangara wa kukaanga. Ukiinama kufua, kupalilia au kufunga nyavu, kinapanda. Ukilala chali kinazidi, ukikaa wima kinapungua. Maji machungu au makali yanafika kooni, unabeua, asubuhi sauti ina mikwaruzo. Kinaweza kudumu saa nzima au zaidi, kikipanda na kushuka, bila kujali kama umetembea au umekaa.

Wapo wanaopatwa na yote mawili kwa pamoja, na hapo ndipo watu wanapojichanganya. Baada ya mlo mkubwa moyo hufanya kazi zaidi ili kupeleka damu tumboni. Ukitoka mezani na kuanza kupanda, maumivu ya moyo huja haraka kuliko kawaida. Mgonjwa anasema "ni baada ya kula", na kila mtu anakubali kuwa ni asidi. Uliza zaidi: baada ya kula ukiwa umekaa, au baada ya kula ukiwa njiani?

Mbebaji wa magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ana utata wake. Kunyanyua mzigo kunaupa moyo kazi, kunavuta misuli ya kifua, na kunakandamiza tumbo hadi asidi inapanda. Kwa hiyo aangalie kinachotokea baada ya kushusha gunia. Maumivu ya msuli yanabaki, yanaamka kila mkono ukigeuzwa upande fulani, na ukibonyeza mahali pake anaruka. Asidi huacha ladha kali mdomoni. Maumivu ya moyo hupungua dakika chache baada ya mzigo kushuka, na ukibonyeza hupati kitu.

Mitego

"Nilitafuna magnesiamu, yakaisha." Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Dawa ya kupooza asidi huanza kazi ndani ya dakika chache, na maumivu ya moyo yanayoletwa na kazi nayo huisha ndani ya dakika chache mtu akipumzika. Ili kutafuta kidonge, uliacha kufanya kazi na ukakaa. Sasa kilichotuliza ni dawa au ni kiti? Nafuu ya magnesiamu haiondoi moyo kwenye orodha. Kubeua na kusikia ahueni nako hakuuondoi.

Omeprazoli, dawa ya kupunguza utengenezaji wa asidi, ndiyo isiyofaa kabisa kwa kujipima usiku wa maumivu. Huchukua siku 1 hadi 4 kufikia nguvu yake kamili, kwa hiyo maumivu yakiisha nusu saa baada ya kuimeza, aliyeyaondoa si yeye.

Kidonge cha chini ya ulimi cha wagonjwa wa moyo kina mtego wa upande wa pili. Hulegeza mishipa ya moyo, na hulegeza pia misuli ya umio iliyokaza. Kikikutuliza hujathibitisha kuwa ni moyo. Na mwanaume aliyetumia dawa za kuongeza nguvu za kiume ndani ya siku 2 zilizopita amwambie daktari kabla ya kupewa kidonge hicho, bila aibu, maana viwili hivyo pamoja hushusha presha hadi mtu akazimia au kufa.

Mtego mwingine ni kutokuwepo kwa maumivu. Mwenye kisukari cha miaka mingi ana neva zilizochoka; moyo wake unaweza kuziba asisikie ila pumzi fupi, jasho na uchovu usioelezeka. Wazee vivyo hivyo. Wanawake wengi husikia kifua kubana kama wanaume, lakini mara nyingi zaidi hupata pia kichefuchefu, maumivu ya mgongoni au taya, na kuishiwa nguvu, na kwa sababu hiyo hurudishwa nyumbani na dawa za tumbo. Mama wa miaka 55 mwenye presha na sukari anayelalamika "tumbo limejaa, natapika, natoka jasho" apimwe moyo kwanza. Tumbo linaweza kungoja kesho.

Kuna pia jibu la kipimo cha bakteria wa vidonda, H. pylori. Likisoma chanya, familia nzima inapumua: chanzo kimepatikana. Watu wazima wengi katika nchi zetu wana bakteria huyo na hawana shida yoyote. Kumkuta hakuelezi kwa nini kifua kinabana ukipanda mlima.

Na huu ni mgumu hata kwa wahudumu: maumivu yanayozidi ukilala chali na kupungua ukikaa na kuinamia mbele. Yanafanana sana na kiungulia. Yanaweza kuwa ni uvimbe wa utando unaozunguka moyo, ambao kwetu mara nyingi huletwa na kifua kikuu. Kama kuna homa za jioni, kukonda au kikohozi cha wiki 2, usiendelee kununua dawa za asidi.

Vingine vinavyouma hapohapo

Kichomi cha kweli huchoma kila ukivuta pumzi au ukikohoa, mara nyingi na homa; tafuta nimonia. Mkanda wa jeshi huungua upande mmoja tu wa kifua, siku 2 au 3 kabla ya malengelenge kutokea, hata nguo ikigusa inauma. Pumzi iliyokata ghafla kwa aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji au mwenye mguu mmoja uliovimba ni shaka ya damu iliyoganda mapafuni: dharura. Mwenye selimundu mwenye maumivu ya kifua hasubiri nyumbani, hata kama ameyazoea maumivu ya mifupa.

Usiku nako kuna pacha wawili. Mmoja anaamka akikohoa, maji makali yako kooni, akikaa na kunywa maji anatulia: asidi. Mwingine anaamka anahema, anafungua dirisha kutafuta hewa, siku hizi analalia mito mitatu, jioni viatu vinambana kwa miguu kuvimba: moyo umechoka kusukuma.

Njiani na mapokezini

Andika saa maumivu yalipoanza. Ukiambiwa "tangu saa nane", uliza kama ni ya usiku au ya mchana. Saa hiyo ndiyo itakayoamua dawa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa moyo hufaa ndani ya masaa 12 tangu maumivu kuanza, na faida yake kubwa iko katika masaa 2 au 3 ya kwanza. Msuli wa moyo usiopata damu kabisa huanza kufa baada ya dakika 20 hadi 30.

Bodaboda iwe chaguo la mwisho, kwa kuwa mgonjwa akizimia akiwa nyuma ya dereva ataanguka. Chukua bajaji au taksi, mtu mmoja amshike. Kama mnakwenda hospitali ya Bugando, msishukie chini ya kilima mkampandisha kwa miguu. Mfikisheni hadi mlango wa dharura. Sekou Toure nayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Nenda iliyo karibu. Aliye Ukerewe aanzie hospitali ya wilaya pale Nansio badala ya kukaa gatini kungoja meli ya Mwanza. Aliye upande wa Sengerema siku hizi ana daraja la Kigongo–Busisi, hangoji tena kivuko. Kwenye visiwa vidogo, kituo cha afya kwanza, hata kama hakina mashine: kuna presha ya kupimwa, aspirini, pengine oksijeni, na kuna mtu wa kupiga simu mbele kabla mtumbwi haujaondoka.

Mapokezini usianze na "nina vidonda vya tumbo". Sema: "Kifua kinabana, kimeanza saa fulani, natoka jasho, nina presha, naomba kipimo cha ECG, cha umeme wa moyo." Taja dawa zote ulizomeza, pamoja na za miti shamba.

Akianguka njiani, haitiki, hapumui au anahema kwa kukatakata kama samaki aliyetolewa majini, huko si kupumua. Mlaze chali mahali pagumu, bonyeza katikati ya kifua kwa viganja viwili, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana kila dakika 2 hadi msaada ufike.

Vipimo, na kwa nini kimoja hakitoshi

ECG huonyesha umeme wa moyo kwa dakika ileile unapopimwa. Inatakiwa ifanyike ndani ya dakika 10 tangu ufike. Ikiwa ya kawaida na maumivu bado yapo, hurudiwa kila baada ya dakika 15 hadi 30, kwa sababu moyo unaoziba na kuachia unaweza kukamatwa ukiwa umeachia. Kipimo cha damu cha troponini hupima protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia, nayo kwa kawaida huanza kuonekana masaa 3 hadi 4 baada ya maumivu kuanza. Ukifika ndani ya saa moja, jibu hasi la kwanza halijasema kitu; lirudiwe baada ya masaa 3 hadi 6. Anayekuambia "nenda, ni gesi" kwa karatasi moja ya ECG muulize kwa upole kama kitarudiwa. Wakihitaji kuzibua mshipa kwa waya, huduma hiyo ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Moyo ukishaondolewa shaka

Sasa tibu asidi ipasavyo. Omeprazoli miligramu 20, mara moja kwa siku, dakika 30 hadi 60 kabla ya chakula cha kwanza, kwa wiki 4 hadi 8. Wengi huimeza baada ya kula au siku ile tu kinapouma, kisha wanasema haifanyi kazi. Dawa hii huzima pampu za asidi wakati zinapoamshwa na chakula, hivyo lazima itangulie. Magnesiamu ni ya kutuliza kwa muda, inatafunwa saa moja baada ya kula na wakati wa kulala. Anayetumia ARV zenye dolutegravir ameze ARV zake masaa 2 kabla ya magnesiamu, au masaa 6 baada yake, la sivyo magnesiamu inaishika dawa isinyonywe mwilini. Unga wa kuchemka kwenye glasi una chumvi nyingi ya sodiamu. Mwenye presha aukwepe. Maziwa hupoza kwa muda, kisha tumbo linajibu kwa kumwaga asidi zaidi.

Tafuta pia kinachochokoza. Doksisaiklini iliyomezwa kwa funda moja la maji, mtu akalala papo hapo, hukwama na kuchoma umio. Siku inayofuata kila funda linauma. Imeze kwa glasi nzima, ukae wima angalau nusu saa. Diklofenaki ya kila siku kwa ajili ya mgongo iachwe. Sigara, pombe, pilipili, chai ya rangi kali tumbo likiwa tupu, kila mtu na lake. Ondoa kimoja kimoja kwa wiki uone.

Wavuvi wa dagaa wana ratiba inayozaa kiungulia: usiku kucha ziwani kwenye taa, njaa, kisha asubuhi sahani kubwa na moja kwa moja kitandani. Wagawe mlo: wale kiasi kidogo mtumbwini usiku, na uji au chakula chepesi asubuhi. Kati ya kula na kulala yapite masaa 3.

Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20. Tofali la inchi 6 likilazwa kwa upande wake mpana linatoa sentimita 15 barabara. Weka moja chini ya kila mguu wa kichwani, juu yake kipande cha mpira wa gari ili mguu usiteleze. Mito haifai kazi hii, inakunja kiuno na kulikandamiza tumbo. Lala ubavu wa kushoto: mkao huo huliweka tumbo chini ya mdomo wa umio. Mkanda na khanga zisifungwe kwa kukaza baada ya kula.

Ikiwa wiki 8 zimepita ukimeza kwa usahihi na bado kinaungua, au kuna kutapika damu, choo cheusi, kukonda au upungufu wa damu, inahitajika kamera ya kuangalia umio na tumbo. Dalili isiyovumiliwa hata wiki moja ni chakula kukwama. Huanza polepole: tonge la ugali linahitaji maji kushuka, baadaye mtu anahamia wali laini, baadaye uji, na kwa kuwa kiungulia chake kimepungua anadhani anapona. Saratani ya umio ipo sana ukanda huu wa Afrika Mashariki, na hivyo ndivyo inavyoingia.